Tusifungulie mbolea mtoni

Mhariri, naomba unifikishie hili kwa wenzangu tunaolima mpunga huku bonde la Ruvu, Bagamoyo. Jamani ukishamwaga urea subiri basi siku kadhaa udongo unywe, siyo kesho yake asubuhi mtu ashafungua mfereji wa kutolea maji, mbolea yote mtoni, na urea ile asilimia 46 ni naitrojeni, chakula chenyewe cha mpunga, yaani hela yako inaelea hivihivi. Juzi nimechungulia mtaro wa jirani, maji kijani yanateleza kama mlenda. Na Ruvu hiihii ndo mtambo wa Ruvu Chini unasukuma maji yake hadi Dar. Halafu matete ya kando ya mtaro, yanayochuja mbolea isifike mtoni, tunayafyeka eti shamba lionekane safi!

Mkulima, Bagamoyo