Usiziunganishe zile nyaya mbili

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Nilitaka kuanza na habari za mguu wa bi mkubwa, lakini ujumbe wako umenikosesha utulivu, basi hayo yatasubiri. Umesema hita ya gesi ya bafuni inawaka vizuri, maji yanapata moto, halafu baada ya dakika nane au kumi inazima yenyewe. Mkifungua mlango na kungoja kidogo, inawaka tena. Na fundi amesema ni sensa, ataing'oa na kuzipiga nyaya zake mbili dairekti.

Usimruhusu. Hata kama ameshafika na koleo mkononi, mwambie asubiri.

Hiyo uliyonieleza si dalili ya sensa mbovu, ni dalili ya sensa inayofanya kazi yake. Pale juu ya hita, moshi unapoingilia kwenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi nje, huwa kuna kidude kidogo cha mviringo chenye nyaya mbili, nacho ndicho hiyo sensa. Moshi ukipanda sawasawa hakiguswi. Dohani ikiziba, au chumba kikikosa hewa, moshi unageuka na kushuka, unakipasha kidude, nacho kinakata mkondo unaoishikilia valvu ya gesi. Moto unazima. Kikipoa, hita inakubali kuwaka. Ndiyo maana mnaona kufungua mlango kunasaidia! Mkiziunganisha nyaya, hita haitazima tena, lakini moshi utaendelea kurudi chumbani, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi yenye sumu. Haina rangi, haina harufu. Ile harufu ya gesi tuliyoizoea hutiwa makusudi kwenye gesi mbichi, na ikishaungua hupotea, kwa hiyo pua haitawaonya.

Umetaja pia, kama jambo la kupita tu, kwamba mdogo wako akitoka kuoga analalamika kichwa. Hapo ndipo niliposhika kalamu. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu ambao mtu akitoka nje unapungua, hizo ndizo dalili za sumu hiyo. Naomba hita isiwashwe hata mara moja mpaka njia ya moshi ikaguliwe. Maji ya kuoga chemsheni jikoni. Akiumwa tena, atoke nje apate hewa safi kwanza, kisha daktari siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe habari za hita. Kipimo cha damu kikicheleweshwa hakionyeshi mengi, maana sumu hupungua mwilini kadiri mtu anavyovuta hewa safi.

Sasa tuitafute sababu. Ulisema karibuni shemeji ameweka feni ya kutolea mvuke bafuni? Mimi naishuku hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Feni inavuta hewa ya chumba kwenda nje, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, basi hewa ya kujazia inatoka wapi? Inashuka kupitia dohani, pamoja na moshi. Hita inayovuta hewa ya chumbani haikai chumba kimoja na feni ya namna hiyo. Tena kwa kweli haifai kukaa bafuni kabisa, hata dohani ikiwa safi.

Fundi aanze na dohani. Hita ikiwa imepoa na koki ya gesi imefungwa, alivue bomba la moshi amulike ndani kwa tochi. Viota vya ndege na nyigu ni vya kawaida sana, na kipande kilichochomoka kwenye kiungo pia. Kipenyo cha bomba kisiwe chembamba kuliko mdomo wa hita, popote njiani. Kona ziwe chache, na bomba lipande juu kidogo kabla ya kona ya kwanza. Kisha avue kasha atazame mapezi ya shaba yaliyo juu ya moto, yale yanayopasha maji. Yakiwa na masizi meusi, moshi haupiti vizuri na moto haupati hewa ya kutosha. Ayasafishe kwa brashi laini na maji ya sabuni, huku bana, yaani kichomeo cha gesi, na nyaya zimefunikwa, kisha yakauke. Akiwasha, moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na unalamba mapezi, bado kuna kasoro.

Jaribio la mwisho ni la moshi wa udi. Milango na madirisha ya bafuni vifungwe, hita iwake dakika tano hivi, kisha kijiti cha udi kisogezwe kwenye uwazi ulio chini ya dohani. Moshi wake ukivutwa ndani, sawa. Ukisukumwa nje, azime na afungue dirisha mara moja. Alifanye fundi mwenyewe, na mtoto asiwe karibu.

Kuna hali mbili zinazofanana na hii, nisije nikakupoteza. Hita nyingi za gesi zinazowashwa kwa betri zina saa ya ndani inayozima moto baada ya dakika 20. Hiyo si kasoro, na yenu haifiki huko. Ya pili ni mtungi. Kuzipandisha joto lita 6 za maji kwa dakika, nyuzi 25, kunataka takriban kilowati 10.5, yaani karibu kilo moja ya gesi kwa saa. Mtungi mdogo haugeuzi gesi yake iliyo kimiminika kuwa mvuke kwa kasi hiyo. Unapoa, unatoka jasho, presha inashuka. Lakini hapo moto hunywea polepole kabla ya kufa, na kufungua mlango hakubadilishi kitu. Wenu unakatika ghafla, siyo?

Hita ya dada yako, uliyoniuliza pia, ni jambo jingine kabisa na halinipi hofu. Inayowaka sekunde chache ikazima, mara nyingi ni kile kijiti cha kuhisi moto. Kisuguliwe kwa msasa laini na ncha yake iwe ndani ya mwali. Akifungua bomba na hakuna hata cheche, abadilishe betri zote mbili kwa pamoja na kuondoa kutu kwenye vibano, kisha asafishe chujio la maji baridi. Ikigoma bado, ni mpira wa diaframu, ule unaosukumwa na presha ya maji, au swichi ndogo inayosukumwa nao. Moto ukibaki unawaka baada ya kufunga maji, hapo afunge gesi upesi na asiiguse tena mpaka itengenezwe.

Turudi kwenu. Mimi nasema hivi: ikiwa shida ni feni au kiota, hita haina kosa, tengenezeni njia ya moshi. Ikiwa shaba imetoboka, au bana imeliwa na kutu, au ina zaidi ya miaka kumi na vipuri havipatikani, badilisheni. Mpya iwe ya aina ya gesi mnayotumia, imeandikwa kwenye kibati chake, kwa kuwa matundu ya gesi ya mtungi ni madogo kuliko ya gesi ya bomba la mtaani. Ifungwe nje ya bafu, kwenye hewa. Regyuleta nayo iangaliwe kama inatoa kilo za kutosha kwa saa, maana ya jiko dogo haitoshi hita. Viungo vyote vipakwe maji ya sabuni na kutazamwa mapovu, njiti ya kiberiti isikaribie. Na mnunue kengele ya kaboni monoksidi, mnunue hata mkibaki na hita hii hii.

Nijibu haya upesi: feni iliwekwa kabla au baada ya hita kuanza kuzima? Rangi ya moto ni ipi? Dohani inatokea juu ya paa au ukutani, na ina kona ngapi? Kidude kile bado kipo, au fundi ameshakikata? Ikiwa ameshakata, mmeifunga gesi? Mdogo wako anaendeleaje leo? Na mguu wa bi mkubwa, bandeji imetolewa?

Usingoje barua, nipigie.

Wako akupendaye