Usilipe kabla hatujainua zulia

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Kaka,

Habari za Iringa? Sisi huku wazima, ila baridi ya Julai hii imetushika kwelikweli. Asubuhi nakuta umande umelala juu ya boneti kama kuna mtu kamwagia maji usiku.

Picha za ile Subaru Impreza unayotaka kununua nimezipata, nimezitazama mpaka simu ikaisha chaji. Nakuelewa kabisa. WRX, ile yenye turbo, ya mwaka 1998, bodi ya GC8 (namba ya umbo lile la zamani), buluu yake inawaka, na ile sauti ya injini uliyonirekodia nimeirudia mara nne. Lakini katika picha zote hizo hakuna hata moja ya chini ya gari. Ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza uanze kunihesabia habari za turbo.

Unajua nilivyoinunua Toyota Chaser yangu. Nilisikiliza injini, nikaangalia moshi, nikaizungusha barabarani, nikatoa hela. Rangi ilikuwa kioo. Mvua za Januari ya kwanza zikaleta harufu ya uvundo ndani ya gari. Nikang'oa kiti cha nyuma, nikainua zulia. Lile sponji la chini yake lilikuwa limelowa chepechepe, na sakafu imeota maganda ya kutu, ukiyashika yanabanduka kama magome ya mkaratusi. Nikachukua bisibisi nikagusa kizingiti cha mlango kwa chini. Sikupiga, niligusa tu. Ikazama mpaka kwenye mpini. Fundi bodi alipopitisha grainda kwenye tao la tairi la nyuma, likawa linatoka vumbi la puti, ile rojo ngumu ya kuzibia bati, peke yake, unene wa kidole gumba, bati hakuna. Nyuma ya puti palisokomezwa gazeti, tena la Kiswahili. Kwa hiyo aliyeficha kutu ile aliificha hapa hapa nchini. Nilikuwa nimetenga laki tatu za kupaka rangi. Nikamaliza milioni mbili na nusu kabla rangi haijafunguliwa.

Ukweli ni kwamba magari haya mengine yamezeekea kwenye theluji. Huko Japan, sehemu kama Hokkaido, Aomori na Niigata, majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi ile huingia kwenye mikunjo ya bati na ndani ya vizingiti, ambavyo ni kama bomba lililozibwa, na haitoki kwa kuoshwa nje. Inavuta unyevu na kuiharakisha kutu miaka na miaka, hata gari likishahamia kwetu. Na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana huisukuma rangi ikafanya malengelenge. Ukiona lengelenge dogo kama punje ya dengu, usidhani limeanzia juu. Limetoka ndani, huko kumeshaoza.

Kwa Impreza ya umri huo, anza na matao ya matairi ya nyuma. Pale bati la nje na la ndani hukutana, tope likakaa katikati. Pitisha vidole kwa ndani, kisha weka sumaku uliyoifunga kwa kitambaa laini; isiposhika, hapo kuna puti. Halafu fungua buti, toa mapambo ya pembeni, utazame shokapu za nyuma zinaposhika bodi kwa juu. Hapo ndipo ninapopaogopa zaidi, maana uzito wote wa nyuma unaning'inia pale. Tao likioza ni aibu ya macho, lakini pale pakioza nakuomba tuondoke. Injini utaipata nyingine. Bodi ya GC8 isiyoliwa utaitafuta wapi?

Muombe pia muuzaji ile karatasi ya mnada wa Japan, yenye mchoro wa gari na herufi. S ni kutu, kwa Kijapani wanaiita sabi. C ni mbaya zaidi, bati limeshaanza kuliwa. W ni pahala palipowahi kunyooshwa na kurekebishwa. Na kwenye cheti cha kufuta usajili, namba ya zamani hutanguliwa na jina la mji. Ukisoma Sapporo, mji wa Hokkaido, ujue gari limekula chumvi.

Sisemi kutu kidogo ikufukuze. Yangu leo inapanda Mlima Nyoka bila kelele hata moja. Lakini tulikata mpaka tukafika kwenye bati jeupe, maana bati la bodi halizidi milimita moja na likiliwa halishiki moto, linatoboka tu. Tuliondoa betri kwanza ili kontroboksi, ile kompyuta ya injini, isiungue, tukachomelea nukta nukta tukiacha bati lipoe, lisije likajikunja. Kisha praima ya zinki, na nta ndani ya vizingiti kwa mpira mwembamba. Rangi ilisubiri saa sita mchana, umande ukauke. Watakwambia upake oili chafu chini. Usikubali, inaharibu bushi zote za mpira. Na vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango usiruhusu fundi avizibe. Mimi yangu kila mwezi navipitishia waya.

Sasa kwa kuwa gari liko Makambako, ni katikati yetu. Jumamosi napanda basi la alfajiri, nitakuwa na taa, sumaku na ile bisibisi yangu. Mwambie muuzaji mapema kwamba tutainua zulia na kulipandisha gari kwenye shimo. Akikataa, unipigie usiku huo huo nisikate tiketi. Hela iache benki mpaka nifike, tafadhali kaka.

Msalimie shemeji na watoto. Mwambie nakuja na parachichi za Tukuyu.

Ndugu yako wa Uyole