Suheli akishuka

Lamu, Februari

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Barua yako imefika. Pale ulipoeleza kwamba usiku ule kwenye Ghuba ya Oman GPS ilionyesha meli yenu iko katikati ya jangwa, nilirudia kusoma mara mbili. Namshukuru Mungu ofisa wa zamu alitoka nje akatazama juu. Unaniuliza kama zile nyota nilizokuwa nikikuonyesha darini bado zina kazi. Zinayo, mwanangu. Hata chuo cha maofisa wa jeshi la majini la Marekani kilikuwa kimeliacha somo hilo, kikalirudisha mwaka 2015.

Lakini kujua jina la nyota si kujua kuishika, yaani kuielekezea chombo. Hilo nililijua kwa aibu.

Nilikuwa na miaka 19. Tulitoka Lamu mwezi kama huu, jahazi limesheheni boriti za kupeleka Mombasa, kaskazi inatusukuma kutoka tezi, nyuma ya chombo. Tulikuwa tunakata Ghuba ya Ungwana usiku, hakuna taa ya pwani hata moja. Saa tatu nahodha akaniachia usukani. "Shika Suheli," akasema, akajilaza. Nikaitafuta nyota hiyo ya Suheli, nikamwona huyo, yuko juu kusini anawaka. Nikamwelekezea omo, mbele ya jahazi, nikajiona fundi.

Saa sita nahodha akashtuka. Wimbi lilikuwa limebadilika, refu, la bahari kuu. Akatupa bildi, ile timazi ya kupimia kina. Ninaiona mpaka leo ile kamba ikikimbia mkononi mwake, fundo baada ya fundo likipita, hadi kamba ikaisha na bildi haijagusa chini. Kwa muda wa saa tatu nzima nilikuwa nikiwatoa watu nje, mbali na njia yao.

Hakunigombeza. Alinikalisha ubavuni mwake, tukarudi njiani, kisha akanionyesha kwa mkono. "Akiwa juu ni wa kusini. Akishuka ndiye wa Mombasa."

Nilikuja kuelewa baadaye kwa ramani. Kwetu huku Suheli, ambaye kwenye vitabu vyenu ni Canopus, huzama kusini-magharibi, takriban digrii 217 za dira, na mstari wa Lamu kwenda Mombasa ni karibu huohuo. Ila Februari anazama usiku mkubwa, kama saa tisa, na mimi nilimshika saa tatu, wakati yuko kusini kabisa! Kabla yake ipo Achernar, jina la Kiarabu, maana yake mwisho wa mto. Hiyo huzama kama saa nne, karibu mahali palepale. Basi unaanza na hiyo, ikizama unategemea dira, halafu unampokea Suheli akianza kuinama. Kila nyota ina saa yake ya kukufaa, ikiwa chini karibu na maji. Ndiyo maana manahodha wa zamani wa Bahari ya Hindi, katika dira yao ya pande 32, waliziita pande hizo kwa mahali nyota zinapochomoza na zinapozama.

Na usidhani inayong'aa zaidi ndiyo ya kushika. Jaa, Nyota ya Kaskazini, ina mwanga wa kawaida tu, na hapa Lamu hatuioni kwa sababu tuko digrii mbili kusini ya Ikweta. Wewe unaiona kila usiku usio na mawingu, na kimo chake ndicho latitudo yako, yaani digrii ulizo mbali na Ikweta. Ukiwa Maskati, nyoosha mkono, kunja ngumi, pima kutoka upeo wa bahari: ngumi mbili na vidole viwili hivi.

Naandika nikiwa darini. Saa tatu kasorobo, Suheli yuko kusini barabara, na nimempima sasa hivi kwa mkono huu wa kizee: ngumi nne kutoka majini. Huko uliko hafiki hapo. Kesho mawingu yakiwa mbali, msubiri afike kusini kabisa, pale kimo chake kinapokuwa kikubwa kuliko saa yoyote, umpimie, halafu uniandikie ni ngumi ngapi. Usiiangalie simu kwanza.

Baba yako