Dawati la saizi moja linamuumiza mtoto na fundi pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie madawati ya shule za msingi na tabia yetu sisi mafundi wa Moshi na Arusha ya kuwasha grenda kabla ya kukaa chini na kuchora.

Kampeni ya madawati ya mwaka 2016 iliwanyanyua watoto wengi kutoka sakafuni, na sina neno baya juu yake. Ila wakati ule hoja ilikuwa idadi, na mazoea yamebaki. Kazi nyingi za shule ninazoletewa zinakuja na kipimo kimoja, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Hakuna mzazi anayewashonea watoto wake wote sare ya saizi moja, lakini kwenye dawati tunaona sawa tu.

Ingia darasa la kwanza uone. Mtoto kakaa ukingoni mwa benchi, miguu inaning'inia, ubao wa kuandikia umemfika kifuani. Akichoka anapiga magoti juu ya benchi ndipo aandike vizuri, na hapo mwalimu anamgombeza kwa utundu. Wa darasa la saba naye kajikunja, magoti yanagonga rafu ya madaftari.

Tukisema yatengenezwe madawati ya saizi tatu, dogo, la kati na kubwa, tunaambiwa yatapandisha gharama. Hapo ndipo nabisha. Kwanza dawati dogo linakula chuma kidogo. Pili, mchoro mzuri unaokoa chuma hata kwenye dawati kubwa. Skwea paipu moja, yaani bomba la chuma la pembe nne, ina mita 6. Fremu ikitaka vipande vya sentimita 160 unapata vitatu, na kipisi cha sentimita 120 kinaishia kwenye lundo la chuma chakavu. Ukirudi kwenye mchoro ukaona sentimita 148 zinatosha, paipu ileile inatoa vipande vinne, na kinachobaki, pamoja na kilicholiwa na diski, ni sentimita 8. Kwa oda ya madawati mia, hiyo ni faida iliyopatikana bila kumwongezea mteja hata shilingi.

Halafu kuna suala la kufunga mbao. Tukizibana kwa bapa la kuchomelea, mbao moja ikipasuka dawati zima linatupwa nyuma ya darasa. Zikifungwa kwa bolti za spana namba 13, mzazi yeyote mwenye kipande cha saipresi anabadilisha asubuhi moja. Fremu nayo ikifungwa kwa bolti, dawati linasafiri likiwa limefunguliwa. IKEA ya Uswidi ilianza kuuza samani za namna hiyo mwaka 1956, na biashara yake yote imesimama juu ya wazo hilo. Lori letu linalopeleka Same au Simanjiro madawati yaliyokwisha kuunganishwa limebeba hewa kwa sehemu kubwa, na hewa hiyo mteja anailipia.

Wenzangu watasema mteja hataki mchoro, anataka bei. Ni kweli, kwa hiyo naziomba halmashauri zetu: zabuni za samani za shule zitaje vipimo kwa rika, na kabla oda nzima haijaanza, madawati mawili matatu ya mfano yapelekwe darasani, watoto wayakalie wiki nzima, mwalimu aandike kasoro. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973 na Chuo cha Ufundi Arusha tangu 1978. Wanafunzi wakipewa kazi ya kuchora madawati hayo, michoro iachwe wazi ili fundi wa Unga Limited kule Arusha au wa Majengo hapa Moshi aichukue bila kulipia. (Na jigi pia, yaani kifaa cha kushikilia vipande vikatwe kwa kipimo kilekile, kama inawezekana; kupima kila kipande kwa futi kunatumalizia siku.)

Michoro ikipatikana, mimi nitatengeneza dawati la kwanza la darasa la kwanza kwa chuma changu. Shule yoyote ya kata yetu itakayokubali kulijaribu ije ilichukue.

Fundi wa kuchomelea,
Majengo, Moshi