Risala ya Chama cha Historia na Kiswahili kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, tunawasalimu kwa heshima.

Mheshimiwa, mji huu unaitwa Entebbe, neno la Kiganda lenye maana ya kiti. Mwaka huu chama chetu kimeshughulikia jambo moja tu: uwanja wa zamani wa ndege, ule ambao leo uko mikononi mwa jeshi.

Wengi wetu tulidhani historia yake ilianza mwaka 1976. Sivyo. Februari 1952, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipofiwa na baba yake akiwa Kenya, aliletwa Entebbe akapanda ndege ya kurudi London, tayari akiwa malkia. Radi na mvua ya ziwa, ambazo sisi tunazijua vizuri, zilimchelewesha. Mwezi Mei mwaka huohuo, Comet, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kibiashara, ilitua hapa ikitoka London kwenda Johannesburg. Mji wetu mdogo ulikuwa kituo cha dunia.

Kisha likaja lile la Juni 1976. Ndege ya Air France iliyotekwa baada ya kuondoka Athens ilitua hapa tarehe 28. Wakati huo safari za kawaida za abiria zilikuwa zimeshahamia jengo jipya, na mateka wakafungiwa katika jengo la zamani. Usiku wa kuamkia Julai 4 makomandoo wa Israeli waliwaokoa watu 102, wengi wao Waisraeli. Mateka watatu waliuawa katika mapigano, pamoja na kamanda Yonatan Netanyahu. Bi Dora Bloch, mateka mwingine, mama wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuawa baadaye kwa kulipiza kisasi. Ndege za kivita za MiG ziliteketezwa uwanjani.

Hapa, Mheshimiwa, ndipo moyo wetu ulipo. Usiku ule walikufa pia makumi ya askari wa Uganda, na sisi hatujawahi kufundishwa jina la hata mmoja wao. Walitumikia serikali ya Idi Amin, na maovu ya serikali ile hatuyatetei. Lakini nao walikuwa watoto wa watu. Walipewa zamu ya usiku, na asubuhi kuna mama aliyesubiri mwanawe bure.

Aprili 1979 wanajeshi wa Tanzania waliuteka uwanja huo siku chache kabla ya Kampala kuanguka. Baadaye uwanja ukabaki mikononi mwa jeshi la Uganda, na Umoja wa Mataifa nao ukaja kuweka kituo chake jirani. Mnara wa zamani wa kuongozea ndege bado umesimama na matundu ya risasi.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, utuombee kibali kwa wakuu wa jeshi ili wanafunzi waingie angalau mara moja kwa mwaka wakiwa na mwalimu. Pili, tupate vinasa sauti viwili: wazee waliofanya kazi pale, wapagazi, wapishi, mafundi, wanazidi kupungua. Tatu, na hili ndilo tunalolitaka zaidi, utusaidie kuyapata majina ya askari wale, tuyaandike kwa Kiswahili na Kiganda kwenye ubao wa shule hii.

Daftari letu la maswali liko mezani pako, Mheshimiwa. Tunakukaribisha ulifungue.

Ni sisi, wanachama.