Barua kwa shoga yangu aliye katika eda ya kufiwa na mumewe

Tanga, Shaaban 1446

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako niliipata kwa mkono wa binamu yako, nikaisoma mara tatu, na mara ya mwisho nilikuwa nimekaa jikoni huku wali ukiungua bila mimi kujua. Nilipokuja kukuhani huko Chake Chake hatukupata nafasi ya kusema lolote la maana, kwa kuwa nyumba ilijaa watu, na kizuka hana faragha hata ya kulia. Sasa unaniandikia kwamba kila anayeingia anakwambia usubiri, na kwamba chini ya neno hilo kuna jambo linalochemka moyoni mwako ambalo unaogopa hata kulitazama, usije ukaonekana unapingana na majaaliwa ya Mola wako. Umeniuliza mimi nilifanyaje. Nitakueleza kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo wakati ule sikumwambia mtu.

Unakumbuka kwamba siku ya maziko ya baba watoto wangu kaka yake alisimama makaburini akatangaza, kama ilivyo desturi, kwamba yeyote anayemdai marehemu aje kwa familia. Nilidhani watakuja wawili watatu. Walikuja kumi na mmoja: fundi wa mashine za boti, mwenye duka la nyavu, mzee mmoja mstaarabu aliyeona haya hata kutaja kiasi chake, na wengineo, na katika miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kusikia habari za deni hata moja kati ya hayo kinywani mwa mume wangu. Mirathi haigawanywi mpaka deni la maiti lilipwe, hilo tulifundishwa chuoni mimi na wewe tukiwa mkeka mmoja. Basi nikamtuma mtoto dukani akaninunulia kaunta buku, nikaanza kuorodhesha majina na shilingi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Nilikuwa naijua tangu utotoni, ila sikutazamia kuitumia nikiwa ndani ya eda.

Daftari hilo la madeni ndilo lililokuja kuwa daftari langu la kusemea na Mola wangu. Usiku mmoja nilikuwa najumlisha, hesabu ikakataa, nikaligeuza daftari juu chini, nikafungua upande wa nyuma, nikaandika Bismillahi, kisha nikaandika: Ya Rabbi, nimechoka. Hapo nikakwama. Wiki nzima iliyofuata niliandika mambo ya kupendeza, yaani shukrani, nyuradi, na aya nilizozinakili kwa mwandiko mzuri, na kila nikimaliza nilijiona kama mtu aliyempokea mgeni sebuleni huku chumbani paa linavuja. Nilikuwa naandika kana kwamba Mwenyezi Mungu naye ni mmoja wa waliokuja kuhani, ambaye lazima aondoke akisema mashaallah, mama huyu ana subira.

Ulipofika kama usiku wa kumi ndipo nilipoandika kwamba nimemkasirikia marehemu. Mkono ulitetemeka. Niliandika kwamba alinificha, kwamba aliniacha niaibike mbele ya watu, kwamba nampenda, na kwamba ningempata hai usiku ule ningemgombeza mpaka alfajiri. Nilijiziba mdomo kwa mtandio watoto wasisikie kilio, kisha nikatawadha, nikaswali rakaa mbili, na katika sijda ya mwisho nilikaa muda mrefu bila kupata neno. Usidhani kwamba niliamka nimepona. Niliamka kichwa kinaniuma, na siku mbili sikuligusa daftari.

Aliyenitoa hofu ni Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake. Neno lake la subira njema ndilo tunalolitumia kuwanyamazishia wafiwa, na kweli ni lake, alilisema wanawe walipomletea kanzu ya Yusuf yenye damu ya uongo. Lakini katika sura hiyo hiyo, mtu huyo huyo macho yake yanageuka meupe kwa huzuni, na wanawe wanapomlaumu kwamba hataacha kumtaja Yusuf mpaka aangamie, anawajibu kwamba yeye anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Hakuwaambia kwamba hana huzuni, aliwaambia anakoipeleka. Nikatafakari kwamba kuna kumshitaki Mungu, na kuna kumshitakia Mungu, na Kiswahili chetu kimeyatenga mambo hayo kwa irabu moja tu. Mimi nilikuwa nimeogopa la kwanza kiasi cha kujinyima la pili.

Nilipata pia wasiwasi kwamba kuandika makosa ya mtu, tena maiti, ni kusengenya. Nikaamua kwamba simwandikii jirani, namwandikia Anayejua tayari, na daftari halitoki kwenye sanduku lenye kufuli. Hata hivyo yule shemeji aliyenisumbua kuhusu ile boti sikumtaja jina, nilimwandika "yule" tu, na naona ilinisaidia kutomchukia zaidi ya kipimo.

Binti yangu, ambaye sasa anasomea uuguzi, amenieleza kwamba jambo hili limewahi kuchunguzwa na wataalamu wa saikolojia. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall waliwataka wanafunzi waandike dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo, na wale walioeleza mkasa wao pamoja na walivyouhisi walitoka na huzuni zaidi siku zile zile, ingawa katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Nilifarijika kusikia kwamba kichwa changu cha asubuhi ile hakikuwa cha peke yangu.

Kwa upande wa utaratibu sina mengi. Nilianza usiku, lakini kuandika usiku kulinivurugia usingizi, kwa hiyo nikahamia baada ya swala ya alfajiri kabla nyumba haijaamka. Naweka tarehe ya Kiislamu, Bismillahi, kisha namwambia Yeye moja kwa moja, bila kupamba wala kusahihisha, na nikimaliza nalifunga daftari na kuinua mikono kuomba kwa mdomo, kwa sababu yapo yasiyoandikika. Sirudii kusoma nilichoandika mpaka zipite siku arubaini. Ukiona usingizi na chakula vimekukataa wiki baada ya wiki, tafadhali mwambie kaka yako akuitie daktari; eda haimzuii mgonjwa kutibiwa, na daftari si dawa ya kila kitu.

Wala usiyaone kuwa mambo mageni. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa mjane kama sisi, na maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima, naye alipomwita binti yake amsogelee alimwagiza kwanza aketi na kuleta wino na karatasi, kwa kuwa moyoni mwake mlikuwa na jambo.

Madeni yangu yaliisha mwaka jana: tisa niliyalipa, mawili yalisamehewa. Maandishi ya upande wa nyuma yalizidi kusogea mpaka yakakutana na hesabu za mbele, kwenye ukurasa wa yule mzee mstaarabu, na sasa niko katika daftari la tatu. Mwanangu anakuja Pemba Jumamosi kwa shughuli zake, nimempa kaunta buku moja na kalamu mbili akuletee. Ndani sikuandika kitu, hata jina lako. Inshaallah utakapotoka eda mwishoni mwa Mfungo Mosi nitakuja tukae siku chache, na usihofu, sitakuuliza umeandika nini.

Nisalimie mama yetu na watoto wote.

Wasalaam,
Shoga yako wa chuoni