Mhariri, ile bodi ndogo haichukui mfumo mmoja tu

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Tanga, sijawahi kuandika barua gazetini ila hii ya leo imebidi. Ukurasa wenu wa teknolojia wa wiki iliyopita ulieleza vizuri tu habari za zile kompyuta za bodi moja, zile ndogo zinazolingana na kadi ya benki, Raspberry Pi na ndugu zake, nikawa nasoma huku nafurahi mpaka nilipofika mwisho nikakuta imeandikwa kwamba bodi ile inachukua mfumo endeshi mmoja tu, yaani ile programu kuu inayoendesha mashine kama Windows au Android, na ukitaka mfumo mwingine nunua bodi nyingine. Hapana jamani. Sio hivyo kabisa, na imeniuma kwa sababu wanaosoma ukurasa ule ni wazazi na walimu, mtu ana hela yake ya kuungaunga anaifikiria mara tatu, akiambiwa hivyo anafunga gazeti na habari imeishia hapo.

Kazi yangu ni ufundi wa simu, redio, TV na laptopu, meza yangu iko Ngamiani. Nyumbani nina Raspberry Pi 3, kwa kifupi Pi 3, ile iliyotoka mwaka 2016 yenye RAM ya GB 1, na mpaka leo inafanya kazi za mashine nne. Sio zote kwa pamoja, hilo niliseme mapema nisije nikaeleweka vibaya, mfumo unaoamka ni mmoja kwa wakati mmoja, ukitaka mwingine unazima huu unawasha ule. Ila bodi ni hiyo hiyo, chaja hiyo hiyo, TV hiyo hiyo.

Laptopu ya kawaida diski yake imefungwa ndani kwa skrubu, simu nayo mfumo wake uko kwenye chipu iliyochomelewa ndani, kwa hiyo mtu anazoea kuona mashine na mfumo ni kitu kimoja. Hii bodi haina diski. Wale walioibuni, wa Cambridge kule Uingereza, kina Eben Upton, walipoingiza Pi ya kwanza kabisa sokoni tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, kilichokuwa kinawahangaisha ni kwamba vijana wanaoomba kusoma kompyuta chuoni wanapungua, na wanaokuja wanakuja wanajua kidogo kuliko wale wa zamani, ndo wakataka kitu cha bei ambayo mtoto akichokonoa mzazi hapandi presha. Kila kitu wakakiacha kwenye memori kadi. Ukiwasha hii ya kwangu hata prosesa kuu haiamki kwanza, inayoamka kwanza ni ile sehemu ya picha, inakwenda kwenye kadi inatafuta faili inaitwa bootcode.bin, halafu start.elf, inasoma config.txt, ndo baadae inaiamsha prosesa na kuikabidhi mfumo. Ukichomoa kadi bodi haikumbuki kitu, haijui jana ilikuwa nani. Weka kadi nyingine, imeshakuwa mashine nyingine.

Kadi zangu naziweka kwenye kiboksi cha dawa, kila moja na kikaratasi chake maana ni vidogo kama ukucha na vinafanana. Ya kwanza ina Raspberry Pi OS, ile zamani ikiitwa Raspbian, hiyo ni ya watoto, wa kiume yuko darasa la sita anacheza na Scratch, ile ya watoto kutunga programu kwa kupanga vipande, wa kike yuko sekondari anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Ya pili ina LibreELEC, hiyo ni ya TV tu, ukiwasha inakwenda moja kwa moja kwenye Kodi, programu ya kuangalia video, unachomeka flashi yenye muvi au video ya harusi ya shangazi na familia inaangalia. Na nyie wenye TV za chogo msije mkaona mmeachwa, kwenye Pi 3 lile tundu la spika linatoa na picha pia, unahitaji waya wenye ncha ya mistari mitatu, kuwa makini tu kwamba zipo waya zinafanana kwa macho ila ndani mpangilio ni mwingine, utapata sauti usipate picha.

Ya tatu ndo naipenda kuliko zote. Ina Kiwix, hiyo ni programu inayofungua Wikipedia bila intaneti, unadaunlodi mara moja tu kisha kitabu chote kiko kwenye kadi. Wikipedia nzima ya Kiingereza na picha zake ni karibu GB 100 hiyo mi sina pa kuiweka, nimeweka ya Kiswahili ambayo ni ndogo sana ukilinganisha, pamoja na makusanyo mengine madogo ya Kiingereza. Bodi yenyewe inatoa waifai, watoto wa majirani wanakaa barazani na simu za wazazi wao wanasoma bila bando hata la shilingi mia. Kuna jioni nimehesabu watoto saba pale, mmoja anasoma habari za mamba, mwingine kaandika jina la wilaya yao akaikuta, akamwita mama yake aje aone.

Ya nne ina RISC OS. Hii watu wengi hawaijui na naomba mnivumilie kidogo hapa. Ni mfumo wa miaka ya 80 mwishoni, uliandikwa na kampuni iitwayo Acorn, nayo ya Cambridge hapo hapo, na hao Acorn ndo waliotengeneza chipu ya kwanza ya ARM, Aprili 1985, kazi ya Sophie Wilson na Steve Furber. Inasimuliwa kwamba walipoijaribu mita ya umeme ikasoma sifuri na chipu inafanya kazi, kumbe hawajaunganisha umeme wake, ilikuwa inajiendesha kwa umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye miguu mingine. Mi fundi, nikisikia hivyo mwili unanisisimka. Kwa sababu karibu kila simu ninayoifungua mezani kwangu, kubwa kwa ndogo, prosesa yake ni ya ukoo huo wa ARM, na hii bodi vile vile. Sasa mwanangu siku ya kwanza nimeweka kadi ya nne, ikawaka chap chap, akashika mausi akabonyeza kushoto, akabonyeza kulia, menyu haikuja kama alivyozoea, akaniuliza baba hii imeharibika? Nikamwambia bonyeza katikati. RISC OS menyu yake iko kwenye kitufe cha katikati. Akanyamaza kidogo akasema kwa hiyo kuna mtu aliamua tu iwe kulia kwenye zile nyingine. Mhariri, mtoto wa darasa la sita huyo. Sikumfundisha mimi hilo, kabadilisha kadi tu.

Sasa kuna watakaosema kubadilisha kadi ni ujanja wa kukwepa, swali ni kadi moja yenye mifumo mingi, je inawezekana? Inawezekana, na mi nimefanya, na nitasema nini kilinipata. Mwaka 2013 hao hao wenye Raspberry Pi walitoa kitu kinaitwa NOOBS, unakinakili kwenye kadi, ukiwasha unapewa orodha, unatia tiki mifumo unayotaka, kinaikatakata kadi vyumba vyumba na kila mfumo unapewa vyumba vyake, baada ya hapo kila ukiwasha unachagua, na ukishikilia Shift unarudi kwenye orodha ya mwanzo. Siku hizi wenyewe wameshaiacha NOOBS, tangu 2020 wana programu yao inaitwa Imager inayoandika mfumo mmoja kwenye kadi moja, nadhani ndo hapo mwandishi wenu alipochanganya. Ila NOOBS ina mtoto wake anaitwa PINN, ukiitaka njia ya kadi moja hiyo ndo ya kutafuta.

Nilikuwa na PINN kwenye kadi ya GB 32, mifumo mitatu, safi kabisa, karibu mwaka mzima. Binti yangu akaandika humo programu ya Python ya kupiga hesabu ya vitumbua vya mama yake, unaingiza mchele, mafuta, sukari, mauzo ya asubuhi, inakwambia faida, alihangaika nayo likizo nzima. Jioni moja umeme ukakatika wakati anasevu. Ukarudi, ukakatika tena. Tulipowasha mara ya tatu ikaja skrini ya rangi za upinde wa mvua ikaganda hapo hapo. Niliitoa kadi nikaichomeka kwenye laptopu, ikasomeka nusu, halafu haikusomeka tena. Unajua kadi ikikatiwa umeme katikati ya kuandika ile orodha ya faili inaweza kuvurugika, na kwenye mpangilio wa kadi moja kile chumba cha kwanza ndo mlango wa wote, mlango ukiharibika hata kama vyumba vya ndani ni vizima kuingia huingii kirahisi. Mifumo mitatu ikaondoka siku moja na kazi ya mtoto ndani. Alilia, na mi sikuwa na la kumwambia maana kopi hatukuweka popote. Programu ya vitumbua kaiandika upya baadae, safari hii kila jioni anaikopi kwenye flashi, hakumbushwi na mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa nyumba na shule za kwetu ambako umeme hauna uhakika, kadi mbalimbali. Moja ikifa nyingine ziko kwenye kiboksi. Kadi moja yenye mifumo mingi ni nzuri kwa fundi anayejaribu, au mahali ambapo bodi imefungiwa sehemu huwezi kufika kuchomoa kadi.

Na hizo kadi zenyewe jamani pimeni. Niliponunua ya kuziba pengo, imeandikwa GB 32 juu, nikajaza maktaba, kila kilichovuka GB 8 kilikuwa takataka, faili lipo kwa jina ndani hamna kitu. Kuna programu za bure, F3 na H2testw, zinaijaza kadi yote halafu zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndo kilichopo, inachukua muda ila utajua umeuziwa nini kabla hujaweka kazi ya mtoto. Chaja nayo isiwe ile ya simu iliyochoka, Pi 3 inataka volti 5 na ampia 2.5, ukiona alama ya radi kwenye kona ya skrini ujue umeme hautoshi na hapo ndo kadi zinapoumia. Saa pia, Pi zote kabla ya Pi 5 hazina saa ya ndani, bila intaneti tarehe itakuwa ya uongo, mwalimu akiona kazi ya mwanafunzi ina tarehe ya mwezi uliopita asimwite mtoto muongo.

Na msijaribu kuipiga Windows ya laptopu kwenye bodi hii, ile ya laptopu nyingi imeandikwa kwa prosesa za ukoo wa Intel, na hii ya ARM hazielewani lugha.

Mbona nimelishikia bango jambo hili? Kwa sababu ya ninayoyaona mezani. Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Watu wananiletea laptopu nzima, kioo kizima, kibodi nzima, wananiambia fundi hii imekwisha, inunue wewe utoe spea. Haijakwisha. Ninawawekea Linux, mfumo mwingine wa bure, wanaondoka nayo, ila ni wale wanaokubali kunisikiliza, wengine wanaona nawauzia mbuzi kwenye gunia kwa sababu tangu shuleni waliambiwa kompyuta ni Windows, ukisema mfumo mwingine anasikia kompyuta feki. Mzee mmoja mwalimu mstaafu aliniuzia yake kwa bei ya kutupa, siku tatu baadae akapita akaiona inawaka mezani, akasimama akaiangalia muda mrefu sana. Nilimrudishia kwa hela ile ile aliyoniuzia, sikuweza kufanya vingine.

Watoto wangu hawatafika huko. Wao kadi inatoka, kadi inaingia, wameshazoea kwamba mashine ni hii na mfumo ni ule.

Ombi langu Mhariri ni mawili. Kwanza msahihishe ile sentensi, hata kwa mistari miwili. Pili huo ukurasa wa teknolojia wapeni nafasi na watu wa mezani, mafundi na walimu wanaofanya kazi hizi kila siku, waandike kwa Kiswahili hiki hiki tunachoongea, sio kutafsiri matangazo ya simu mpya wiki hadi wiki. Na mkiandika bei za hizi bodi mseme ukweli kwamba dola 35 ilikuwa bei ya kule wakati ule, ikifika huku na usafiri na ushuru inapanda, na bado hujanunua chaja, kadi na waya wa HDMI, mtu ajipange akijua.

Mwandishi wenu akipita Tanga aje Ngamiani aulize meza ya fundi redio karibu na wauza vitambaa. Nitamwekea bodi na kiboksi cha kadi, achomoe na kuchomeka mwenyewe, muda wote anaotaka.

Wako msomaji,
Fundi wa Ngamiani, Tanga